Kidole cha Delko

Bahati, mutoto wangu,

Nimeiweka karatasi hii ndani ya kiatu chako cha kushoto kwa sababu ninakujua: unaweza kutoka bila kula, bila kuomba, bila kumusikiliza mama yako, lakini hutoki bila viatu. Soma mbele ya kuvaa. Kesho, ukitoka kwenda Bukavu, hatutapata nafasi ya kuagana. Tantine, gari yetu, ikiwaka, avenue nzima itasikia, na siku hizi gari inayowaka katika Goma ni habari inayotembea mbio kuliko redio. Askari wanaokimbia wanatafuta gari ya kukimbilia. Wale waasi wanaoshuka toka Rutshuru wanatafuta gari ya kuingilia. Hawapatani kwa neno lolote isipokuwa hilo moja: wote wanataka gari, na wote wanataka kijana wa kuiendesha.

Sitakuandikia ya maji ya radiateri wala ya pumzi ya magurudumu. Hayo umeyasikia tangu ulipokuwa unakaa juu ya gunia la viazi ili uweze kuona nje. Unajua kwamba sabuni ya kufulia inaziba tundu la tangi mpaka ufike. Unajua kwamba esansi, petroli ya bidoni, unaichuja kwa kitambaa, kwa kuwa muuzaji naye ana watoto na anawalisha kwa maji anayochanganya. Unajua kwamba kuna vitu vya kununua vimekwisha kutumika, na kwamba freni ya kusimamisha gari si kimoja chao. Kama hujui, basi nimekulea bure na tufunge mazungumzo.

Nataka kukuandikia yale ambayo gari hii ilinifundisha kwa kunipiga.

Tulipoinunua, Tantine ilikuwa imekwisha kuzeekea mikononi mwa watu wengine, mbali, ng'ambo ya bahari. Usukani wake uko upande wa kuume, kwa hiyo ukitaka kupita lori ni lazima umuulize aliyekaa kando yako kama barabara ni nyeupe, na uombe awe mutu anayependa kuishi. Jina aliipa baba yako. Alisema inafanana na shangazi yake mumoja, mwenye kukohoa kila asubuhi na kunung'unika kwenye kila mupando, lakini kwenye karamu anafika wa kwanza.

Mimi sikujua kitu. Nilijua tu kwamba viazi na kabichi za Rutshuru zikifika soko la Birere mbele ya za wengine, zinauzwa. Gari ikiugua, nilikuwa naiacha garajini asubuhi na kuichukua jioni. Nikaanza kuona ajabu. Naipeleka kwa ajili ya alternateri, inarudi na alternateri nzuri na karbirateri mbovu isiyo yake. Naipeleka kwa karbirateri, inarudi inapumua vizuri lakini pompi ya maji inalia kama paka. Ndani ya mwaka mumoja nilielewa kwamba Tantine ilikuwa shamba, na kwamba mavuno hayakuwa yangu.

Nikanunua vitu viwili: kiti kidogo cha mbao, na chupa ya rangi nyekundu ya kucha.

Fundi Deo aliponiona nakaa na kiti changu kando ya gari, hakufurahi.

“Mama, enda kwako. Urudi saa kumi.”

“Nitangoja.”

“Utachoka, mama.”

“Nimezaa, Deo. Kungoja ninajua.”

Akainua kifuniko cha motere, akainama kutazama. Kila kipande kizuri nilikuwa nimekipaka tone jekundu: alternateri, pompi, karbirateri, hata mabuji, zile plagi za moto, moja moja.

“Eeh! Mama! Gari yako inaenda ku ndoa?”

“Inaenda. Na ikirudi bila kucha moja, nitamuuliza bwana harusi.”

Vijana wote wa garaji walicheka, Deo akacheka wa mwisho, na tangu siku ile hakuniibia tena. Aliwaibia wengine, sikatai, lakini kila mutu na gari yake. Nikaendelea kukaa pale misimu mizima. Hakuna aliyenifundisha. Walikuwa wanatengeneza mbele ya macho yangu, na macho hawakuyalipisha.

Pale ndipo nilipojua kidole. Wewe umekishika mara nyingi, lakini nakitaja kwa kuwa barua hii ni yake: kile kipande cheusi, kifupi kama kidole gumba, kinachozunguka ndani ya delko na kugawa moto kwa mabuji. Kinachomoka kwa mukono mutupu, bila ufunguo. Ukikitoa, gari inabaki nzima kabisa kwa macho. Demareri ya kuwashia inazunguka, taa zinawaka, redio inaimba. Haiwaki tu. Mutu anaweza kuizungusha mpaka betri ife, asijue inaumwa nini.

Wakati wa ile rebellion ya kwanza kwako, vita vya waasi ulipokuwa mudogo, sisi watu wa Goma tulikuwa na kazi ya asubuhi ya kutengeneza gari na kazi ya jioni ya kuziharibu. Huyu anatoa betri na kuilaza chini ya kitanda, yule anatoa gurudumu na kusimamisha gari juu ya mawe kama inayongoja mazishi. Tulikuwa tunashindana nani ana gari mbovu zaidi. Walioshindwa ni wale waliokuwa na gari nzuri.

Mama Vumilia, jirani yetu, alikuwa na gari nzuri. Askari walikuja muchana, kwa adabu, wakamukuta Claude, mutoto wake, anaiosha. “Kijana, utupeleke Sake tu, unarudi.” Gari ilionekana baada ya majuma, kwenye njia ya Masisi, bila milango, bila viti. Claude hakuonekana. Mama yake alikwenda mwenyewe kuitazama na akarudi na kapeti ya miguuni, maana ndicho kitu tu kilichobaki. Unaijua. Ni ile iliyo mbele ya mulango wake. Tangu utoto umekuwa ukiiruka, na hukuniuliza kwa nini hakuna mutu anayeifutia miguu.

Kwetu walikuja siku chache nyuma ya pale. Mukubwa wao aliketi, akazungusha ufunguo, akazungusha tena.

“Mama, hii gari iko na nini?”

“Afande, ningejua, ningekuwa nauza kabichi?”

Alicheka. Wakatoa redio na gurudumu la akiba, wakaenda. Nilipiga makelele nikalia mpaka majirani wakaja. Kidole kilikuwa ndani ya fundo la kitenge changu, tumboni, kinanichoma kama kaa la moto. Nilijifunza siku ile kwamba ninalia vizuri. Nilijifunza pia kujisifu, na hapo ndipo nilipoanza kuharibika.

Maana baba yako, Mungu amulaze, alikuwa mutu wa kukubali. Kila mutu aliyesema, “Papa Bahati, tusaidie na gari,” alisaidiwa. Mwenye mugonjwa, mwenye maiti, mwenye simenti. Niliogopa kwamba siku moja atakuja mwenye bunduki mwenye sauti nzuri, naye atasema ndiyo kwa mazoea. Kwa hiyo sikumuachia kidole. Asubuhi nikienda soko, nilikwenda nacho. Yeye alikuwa anajua kuendesha kuliko mimi. Alikuwa anabaki na wewe na Koko, mama yake, ambaye miguu ilikuwa imekwisha kumukataa, na gari uani, na haikuweza kuwaka.

Aliniambia mara moja. Mara moja tu. “Ukitoka na hiyo kitu, unatuacha na sanduku ya chuma.” Nikamujibu, “Sanduku haliibiwi.” Nilijiona nimesema neno la akili.

Siku mulima wa moto ulipopasuka nilikuwa Birere, na kabichi zangu zilikuwa zimefika kwa chukudu, ile ya mbao ya kusukuma. Kwanza watu walisema ni moshi. Kisha wakasema ni moto, lakini uko mbali, juu, na mulima huu unatisha kila siku. Kisha hawakusema tena, walianza kukimbia, na mutu wa Birere akiacha bidhaa bila kuzifunika, ujue si maneno tena. Nilikimbia kuja kwetu. Nilifika mahali ambapo njia ilikuwa imekatwa. Sitakueleza sana. Lava ilikuwa inakuja polepole, Bahati. Hicho ndicho kitu ambacho siwezi kukisamehe. Polepole kama muzee anayetoka misa, na ngozi nyeusi juu, na ndani nyekundu, na nyumba zilikuwa zinapasuka moja moja kwa sauti ya chungu. Mutu mwenye gari angekuwa na nafasi ya kuikimbia, hata kurudi kuchukua kofia yake.

Watu walinisukuma mpaka mpakani, mpaka Gisenyi. Nilivuka nikiwa na fundo langu.

Mambo ya upande wenu niliyapata kwa jirani, si kwa baba yako. Alizungusha ufunguo hali akijua. Akazungusha tena. Akawaita wanaume wa avenue, wakamuweka Koko kiti cha mbele, wakasukuma gari mpaka barabara kubwa, wakidhani mutelemuko utaiamsha. Gari isiyo na kidole haiamshwi na mutelemuko. Yeye alijua, lakini ungefanya nini? Betri ilikufa. Moto ulikuwa umekwisha kuingia jikoni kwetu. Akamutoa Koko, akamulaza kwenye chukudu ambayo mwenyewe alikuwa ameiangusha na kukimbia, juu ya godoro, akamusukuma mpaka Mugunga.

Wewe ulikuwa unashika miguu yake isiburuzike. Sijui kama unakumbuka. Sijakuuliza kamwe. Nimekuona mara nyingine ukibeba kitu kirefu, ubao ao bomba, unavyoinua ncha yake ya nyuma kwa mikono miwili, na ninageuka kutazama upande mwingine.

Nilipoweza kupita, niliwatafuta. Niliwakuta Mugunga ndani ya darasa la shule. Koko alikuwa amekwisha kufa, kwa moshi na baridi na kutikiswa njia nzima ya mawe. Walikuwa wamemuzika kando ya barabara, na kule udongo ni mawe tupu, kwa hiyo hawakuchimba kaburi, walilijenga. Baba yako alikuwa amekaa ukutani. Hakuniuliza nimelala wapi. Alitazama kitenge changu.

“Uko nayo?”

“Iko.”

Akatikisa kichwa polepole, kama mutu anayemaliza hesabu iliyotoka sawa.

“Basi gari haikuibiwa.”

Ni hayo tu. Kwa miaka yote iliyobaki ya maisha yake, mpaka ile homa ilipomuchukua, hakurudia neno lile. Angerudia, ningepata kulijibu.

Nyumba ilikuwa imekwenda, unaijua ile lava ambayo juu yake tulijenga hii tena. Lakini Tantine ilikuwa barabarani pale walipoiacha, rangi imetoka mapele upande mumoja, magurudumu mawili yameyeyuka. Nilitafuta magurudumu, nikaazima betri, nikarudisha kidole. Iliwaka mara ya kwanza. Sijapata kuchukia kitu chochote kama nilivyoichukia gari ile ilivyowaka mara ya kwanza.

Ungedhani niliacha. Hapana. Jioni ile ile nilikichomoa tena, maana bunduki hazikuungua pamoja na nyumba. Nilibadilisha neno moja tu: kilianza kulala ndani ya kopo la chumvi, na kila mutu wa nyumba alijua, hata wewe uliyekuwa hufikii kabati. Utakumbuka kwamba tulikuwa tunakuonyesha. “Bahati, kidole kiko wapi?” Na wewe unakimbia kugonga kopo kwa kijiko, na wageni wanadhani ni muchezo tunaocheza na mutoto. Baba yako hakuwahi kucheka kwenye muchezo ule.

Kwa hiyo sikuambii usifiche. Ungekuwa mupumbavu kutoficha, na Bukavu nako si mbinguni. Ninakuambia tu kile nilichokiona: nilimufungia mwizi mulango, na waliobaki ndani ni watu wangu. Utapata muke siku moja. Atakuwa na ujinga wake, labda atakuwa mutu wa kukubali, kama baba yako. Utamuona anatoa vitu vyako kwa kila anayeomba, na utatamani kuweka vitu mbali na mukono wake kwa faida yake mwenyewe. Utakuwa na sababu nzuri. Mimi nilikuwa na sababu nzuri sana.

Sasa ya kesho.

Mama Vumilia anakwenda nawe. Nilimaliza kumusihi leo muchana. Magoti yake hayatembei tena, na nimekwisha kuona mutu anavyotoka katika muji huu juu ya chukudu, sitaki kuona mara ya pili. Alikataa kwanza. Alisema, “Mama Bahati, mimi gari za watoto wa watu sipandi.” Nikamujibu, “Basi panda ya shangazi yao.” Hakucheka, lakini alianza kufunga kitenge chake. Atakaa mbele, upande wa kushoto, kwa hiyo ndiye atakayekuambia kama barabara ni nyeupe. Mwamini. Hakuna mutu katika Goma anayetazama barabara kama yeye. Amebeba ile kapeti. Akitaka kuiweka chini ya miguu yako, usiikanyage kwa kishindo, wala usikatae.

Ukipita Mugunga kutakuwa na watu wengi, wamejaa tena kama kila mara, na hema mpaka kando ya njia. Usisimame kwa Koko. Najua tunasimama, najua huwa tunaongeza jiwe. Kesho punguza tu muguu kwenye esansi, mupite kwa heshima, kisha ongeza. Yeye zaidi ya wote ataelewa kwa nini gari isisimame pale.

Mimi ninabaki. Usirudie yale maneno ya jana, kwamba twende wote. Nyumba ikiachwa, ikifika jioni imepata mwenyewe mwingine. Na asubuhi watakuja kuuliza gari iliyosikiwa ikiwaka, maana kila avenue ina mutu wa kupeleka habari, na lazima wamukute mutu analia uani kwamba mutoto wake wa kiume amemuibia gari na kukimbia. Nitakutukana sana. Ikikufikia kwa watu kwamba mama yako alikuita mwizi na mulevi mbele ya afande, ujue mambo yamekwenda vizuri.

Betri imerudi mahali pake, niliitoa chini ya kitanda ulipokuwa unakula. Kidole pia. Nimekipaka tone jipya, la zamani lilikuwa limetoka. Sikujaribu kuwasha. Kujaribu ni kuwaita. Kwa hiyo sijui kama itawaka, na wewe hujui, na imesimama tangu mizinga ilipoanza kusikika. Nimefanya kila kitu ninachojua, na ninachojua nilikiiba kwa macho.

Tangu ile rebellion, gari hii haijalala usiku hata mumoja ikiwa kamili. Leo inalala kamili, na askari wanapita avenue. Nikikunja karatasi hii nitakwenda kukaa ndani yake. Mutu akija, atamukuta mwanamuke muzee kwenye usukani, na kwa kuwa motere iko chini ya kiti cha kando, kidole kitakuwa mukononi mwangu mbele hajafungua mulango. Asipokuja mutu, nitabaki tu nimeketi. Ukitoka, gonga kioo kwa kucha, polepole, nisije nikashtuka nikapiga honi.

Nitateremka, utapanda. Usinikumbatie pale, mikono yangu itakuwa kwenye komeo la lango. Zungusha ufunguo mara moja, umuhesabie Tantine pumzi tatu, ndipo uzungushe tena. Ikiwaka, mimi nafungua.

Na ikiisha kuwaka, Bahati, usiizime kwa ajili ya kuniaga.

Mama yako